Maisha ya Edgard Colle, mchezaji wa sataranji (1897–1932)



Gazeti letu limezoea kueleza maisha ya watu wakubwa: wafalme, waganga, wavumbuzi, watu wa safari. Mara hii tumechagua mchezaji wa sataranji, ule mchezo ambao wengi kwetu wanaita esheki kwa kufwata Kifaransa. Wamoja watacheka na kuuliza: hata mchezo uko na watu wakubwa? Tunawaomba wasome kwanza mpaka mwisho, kisha wacheke wakitaka.

Tuko na sababu mbili za kumchagua. Ya kwanza, kila siku ya posho magaribi meza za chumba cha kulia zinajaa mbao za sataranji za kartoni, na vijana wengi wanapenda kujua namna ya kuanza mchezo wao vizuri. Ya pili tutaisema karibu na mwisho, maana inahusu ndugu mmoja wa kalasi yetu. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa, basi hatutaji jina lake.

KUZALIWA KWAKE

Edgard Colle alizaliwa tarehe 18 Mei 1897 katika mji wa Gent, ambao kwa Kifaransa unaitwa Gand, katika inchi ya Ubelgiji. Gent ni mji wa zamani sana, mahali mito miwili, Leie na Schelde, inakutana. Wenyeji wake wanasema Kiflamand, na tangu zamani mji ulijulikana kwa viwanda vya nguo.

Alipokuwa mtoto wa miaka 11, katika mwaka 1908, inchi yetu Kongo iliwekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Ndiyo kusema, yeye na babu zetu walikuwa chini ya mfalme mmoja, ingawa yeye alikaa kule na wao huku. Hatusemi hivyo juu ya kumsifu ao kumlaumu. Tunasema tu ili mjue kwamba mtu huyu hayuko mbali sana na historia tunayosoma katika kalasi.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza katika mwaka 1914, Waaskari wa Ujerumani waliingia Gent, wakakaa pale mpaka mwezi wa kumi na moja 1918. Hesabuni wenyewe: Colle alikuwa na miaka 17 vita ilipoanza na miaka 21 ilipokwisha. Huo ni umri wetu sisi wa miaka ya mwisho. Miaka ile ambayo kijana anatafuta njia yake, yeye aliipita katika mji uliotawaliwa na adui.

BINGWA WA INCHI YAKE MARA SITA

Vita ilipokwisha, watu wa Ulaya walirudia michezo yao, na jina la Colle likaanza kusikilika. Katika mwaka 1922 alikuwa bingwa wa Ubelgiji. Alirudia kuwa bingwa katika 1924, 1925, 1926, 1928 na 1929. Jumla ni mara sita. Miaka ile miwili iliyokosa katikati, 1923 na 1927, bingwa alikuwa kijana mwingine, George Koltanowski wa mji wa Antwerpen. Hawa wawili walikuwa sawa majogoo mawili katika lupango moja, na jina la Koltanowski mtalikuta tena mbele.

Kisha alitoka na kwenda kupambana na wakubwa wa inchi zingine. Katika mwaka 1926, kule Amsterdam, alikuwa wa kwanza, mbele ya Savielly Tartakower na mbele ya Max Euwe. Huyu Euwe alikuwa Mholanzi na mwalimu wa hesabu, naye alikuja kuwa bingwa wa dunia yote katika mwaka 1935. Mwaka ule ule wa 1926 Colle alishinda tena kule Merano, Italia. Na katika mwaka 1930, kule Scarborough, Uingereza, alikuwa wa kwanza mbele ya Géza Maróczy na Akiba Rubinstein, wazee wawili ambao kila mchezaji aliwaogopa.

Lakini tusidanganyane kwamba alishinda kila siku. Euwe alimpiga katika mashindano ya watu wawili. Kule San Remo, katika mwaka ule ule 1930, bingwa wa dunia Alexander Alekhine alichukua nafasi ya kwanza na Colle hakufika hata karibu naye. Leo alikuwa wa kwanza, kesho katikati ya wengine, siku ingine nyuma. Sababu ya mambo haya tutaiona chini.

MPANGO WAKE WA KUANZA MCHEZO

Sasa tufike kwa jambo lililofanya jina lake likae mpaka leo. Kila mwenye kucheza sataranji anajua taabu hii: unaanza na Mweupe, unataka kufwata mistari uliyoshika kwa kichwa kutoka buku fulani, lakini mwenzako wa upande wa Mweusi anafanya kitu ambacho hakiko katika buku. Hapo unapotea njia.

Sisi wenyewe tulipata haya hii. Mwaka uliopita tulicheza na wanafunzi wa shule ingine. Wachezaji wetu walikuwa wameshika kwa kichwa kurasa mingi za buku moja la Kifaransa ambalo lilipita mukono kwa mukono mpaka likakosa jalada. Wenzetu hawakufwata buku lile hata kidogo. Katika meza sita tulipoteza tano. Kurudi nyumbani katika camion hakuna aliyeimba.

Ndipo mwalimu wetu wa hesabu akatuonyesha mpango wa Colle. Tuueleze kwa wale wasioujua.

Mweupe anaanza kwa kutuma askari wa malkia hatua mbili, mpaka d4. Kisha farasi wa upande wa mfalme anatoka kwenda f3. Askari wa mfalme anasogea hatua moja tu, e3. Askofu wa upande wa mfalme anakaa d3. (Wafaransa wanamwita huyu mwenda wazimu, na Waingereza wanamwita askofu. Kila mtu achague.) Askari mwingine anawekwa c3, kusudi d4 iwe na nguvu. Farasi wa pili anakaa d2. Mfalme anaingia katika ngome yake upande wa kuume, na mnara unasogezwa e1, nyuma ya askari wa mfalme.

Ukiangalia sasa ubao, utasema Mweupe ni mwoga. Askari wake watatu wa c3, d4 na e3 wamefanya pembe tatu ndogo, na askofu wa pili amefungiwa nyumbani sawa mtu ambaye mlango wake umezibwa. Mweusi anaanza kulala usingizi. Kumbe jambo lote lilikuwa linangojea saa moja tu: askari wa e3 anasukumwa mpaka e4. Hapo mlango unafunguka. Mnara wa e1 unaona njia yake, askofu aliyefungiwa anapata kutoka, na askofu wa d3 anaelekeza macho yake moja kwa moja kwa h7, mahali mfalme Mweusi anapojificha.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba karibu kila kitu ambacho Mweusi anafanya, Mweupe anaweza kuwapanga watu wake namna ile ile. Hauhitaji kushika kurasa mia kwa kichwa. Unahitaji kujua kwa nini kila mmoja anakaa mahali pake, na saa gani ya kusukuma e4. Yule anayeshika kwa kichwa bila kufahamu atapotea hata hapa.

Na ubaya wake? Uko. Kama Mweusi anaweka askari wake g6 na kumweka askofu nyuma yake kwenye g7, askofu wetu wa d3 anatazama ukuta wa mawe. Kama Mweusi anamtoa askofu wake mweupe mapema kwenda f5 ao g4, nguvu ya mpango inapunguka. Siku hizo inafaa kubadili kidogo: kumpeleka askofu e2, ao kumsogeza askari wa c mpaka c4. Mpango ni sawa nyumba ya ndugu yako: unaijua milango yote, lakini ukikuta moja imefungwa unazunguka, hauvunji.

Tuseme kweli vilevile kwamba Colle hakuwa mtu wa kwanza kupanga askari hivyo. Kabla yake Johannes Zukertort, katika karne ya 19, alicheza namna iliyo karibu na hiyo, lakini yeye alimtoa askofu wa pili kwa njia ya b2. Colle ndiye aliyeichukua namna hii ya upole na kuonyesha kwamba ndani yake kuna moto.

MCHEZO WA NICE, 1930

Moto huo ulionekana wazi katika mwaka 1930, kule Nice, Ufaransa. Colle alikuwa na Mweupe, na mbele yake alikaa John O'Hanlon, aliyekuwa mara mingi bingwa wa Irlandi.

Colle alipanga watu wake vile tulivyoeleza, pole pole, hatua kwa hatua. Katika hatua ya 9 akasukuma e4. Wakakulana askari na farasi katikati. Katika hatua ya 12 Colle alimtoa askofu wake kumla askari wa h7, mbele ya uso wa mfalme. Mfalme akamla askofu. Kila mtu angesema: huyu Mbelgiji amepoteza askofu kwa bei ya askari mmoja. Lakini farasi akaruka g5 na kumpiga mfalme, naye mfalme akatoka nje mpaka g6, katikati ya vita. Colle akamsukuma askari wa pembeni h4 kumlinda farasi wake. Kisha mnara ukala kwenye e6, askari wa pembeni akasogea tena na kumpiga mfalme, na malkia akangoja nyuma mpaka saa yake. Katika hatua ya 20 malkia alitoka kwenda b3, na O'Hanlon akaacha mchezo.

Wachambuzi wa baadaye wamebishana sana juu ya mchezo huu. Wanasema Mweusi angeweza kujitetea vizuri zaidi kama mfalme angerudi g8 pahali pa kutoka nje. Inawezekana. Lakini kupata hatua nzuri nyumbani, na buku na saa mingi, ni jambo moja. Kuipata mezani, wakati saa inalia na mfalme anakimbia, ni jambo lingine. Tulipoucheza tena mchezo ule kwa ubao wetu wa kartoni, wadogo wa mwaka wa kwanza walisimama juu ya mabenchi ili waone.

UGONJWA WAKE

Sasa tufike kwa jambo gumu. Mtu huyu aliyecheza kwa nguvu hivi alikuwa mgonjwa karibu siku zote. Alikuwa na kidonda ndani ya tumbo, ule ugonjwa unaochoma chini ya kifua na kumzuia mtu kula na kulala. Siku zile waganga hawakuwa na dawa ya kuuponyesha. Walipasua. Colle alipasuliwa mara tatu, na kila mara ilikuwa hatari, na kila mara alirudi mezani kucheza.

Fahamuni sataranji ya wakubwa iko namna gani: mchezo mmoja unaweza kuchukua saa tano ao zaidi, kesho yake mwingine, na kesho kutwa mwingine, kwa majuma. Hata mwenye afya anachoka. Katika mwaka 1931 kule Bled, katika Yugoslavia ya zamani, wachezaji 14 walikutana kila mmoja na mwenzake mara mbili, ndiyo kusema michezo 26 kwa kila mtu. Colle alikuwa kati yao, naye alimaliza yote. Mkisikia kwamba siku ingine alikuwa nyuma ya wengine, kumbukeni jambo hili kabla ya kumhukumu.

Katika mwezi wa nne 1932 alipasuliwa mara ya ine. Safari hii hakupona. Alikufa katika Gent, mji wake wa kuzaliwa. Ilibaki chini ya mwezi mmoja afikishe miaka 35.

KISHA KUFA KWAKE

Max Euwe, yule aliyepambana naye mara mingi, alimwandikia kitabu cha ukumbusho chenye michezo yake. Na George Koltanowski, mshindani wake wa nyumbani, alifanya zaidi. Alichukua mpango wa Colle akaucheza na kuufundisha kila mahali alipopita. Koltanowski alikuwa na uwezo wa ajabu wa kucheza bila kuona ubao. Katika mwaka 1937 kule Edinburgh alicheza na watu 34 kwa mara moja, macho yake yakiwa yamefungwa, akashinda 24 na kulingana na 10. Vita ya pili ilimkuta mbali na Ulaya, akakaa Amerika, na kule alifundisha mpaka uzee wake. Alikufa katika mwaka 2000. Ni juu ya kazi yake kwamba wengi wanaita mpango huu kwa majina mawili pamoja, Colle na Koltanowski.

Majogoo mawili ya lupango moja, tulisema. Mmoja alipokufa, mwingine akabeba jina lake. Wachezaji wetu wanaogombana kila siku ya posho wafikiri juu ya hayo.

SABABU YA PILI

Tuliahidi kusema sababu ya pili. Katika kalasi yetu kuna ndugu mmoja ambaye mwaka jana aliumwa tumbo miezi mingi. Alikuwa anaficha. Usiku tulimsikia anageuka geuka kitandani. Alipokonda sana, nyumbani kwao watu walianza kusema kwamba amelishwa sumu, na jirani mmoja alitajwa kwa jina. Mambo yalikuwa karibu kuharibika kati ya jamaa mbili ambazo ziliishi pamoja tangu zamani. Yeye mwenyewe alitaka kuacha masomo, aende kufa kwao, vile alivyotuambia.

Mlezi wa internati ndiye aliyemsukuma aende kwa mganga wa hospitali. Wakakuta kidonda cha tumbo, ugonjwa ule ule wa Colle. Lakini tangu 1932 mambo yamebadilika. Katika mwaka 1982, kule Australia, waganga wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walivumbua kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na mdudu mdogo sana anayeishi ndani ya tumbo. Katika mwaka 2005 walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo. Leo, pahali pa kisu, mgonjwa anapewa dawa za kuua mdudu yule pamoja na dawa ya kupunguza uchungu wa tumbo, kwa majuma machache. Ndugu yetu alikunywa dawa zake zote bila kuruka hata siku moja. Alipona. Jirani yule hakuwa na kosa lolote, na baba wa ndugu yetu alikwenda kumwomba msamaha.

Siku tulipomsimulia maisha ya Colle, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza Colle alikuwa na miaka mingapi. Tulipomwambia, akaomba tumfundishe mpango ule. Sasa anakaa meza ya tatu katika timu yetu, na tangu mwaka huu uanze amepoteza mchezo mmoja tu.

MAMBO YA KUSHIKA

Wandugu, kutoka kwa maisha haya tunaona mambo matatu.

La kwanza: usishike kwa kichwa bila kufahamu. Sisi wa mwaka wa mwisho tuko karibu na mtihani wa Serikali. Maswali hayatakuja kwa namna ile ile iliyo katika daftari zetu, sawa vile Mweusi hafwati buku letu. Anayejua kwa nini kila kitu kiko pahali pake hatapotea.

La pili: upole si uvivu. Colle aliweka askari wake hatua moja moja, na watu wakamdharau mpaka hatua ya 12. Mtu anayejipanga vizuri katika mwezi wa kumi hatakimbia kimbia katika mwezi wa sita.

La tatu: usifiche ugonjwa. Colle alitafuta waganga wa wakati wake, nao walifanya walichoweza, hakikutosha. Sisi tuko na dawa ambazo yeye hakuwa nazo. Tumbo likikuchoma majuma mawili, matatu, sema. Sema kwa mlezi, sema kwa mwalimu, ao njoo kwetu tukupeleke. Na mtu asitaje jina la jirani kabla mganga hajaangalia.

Siku ya posho inayokuja tutaonyesha mchezo wa Nice hatua kwa hatua, kisha chakula cha magaribi. Mwenye ubao alete ubao. Asiye na askari wa kutosha alete vifuniko vya chupa.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho